Nishuke S4, nipande Forester?

Barua za mwezi huu zimetoka Malindi, Watamu na njia ya kwenda Lamu. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu ana sedani yenye mbio, familia imekua, barabara haijabadilika. Tumeanza na ile yenye maelezo mengi zaidi.

*Assalamu alaykum. Naendesha Subaru WRX S4 ya 2015. Nyumbani ni Shella, Malindi. Kazini ni Mombasa siku tatu kwa wiki, na kila baada ya wiki mbili twenda Mokowe kuvuka Lamu kwa wakwe. Tumejaaliwa mtoto wa tatu. Gari linakwaruza kila tuta, viti vya watoto havienei, na mama watoto amechoka kuinama kufunga mikanda. Nataka gari la juu la familia, lakini sitaki trekta. Nimeonyeshwa Forester XT ya 2016 iliyosajiliwa hapa hapa. Nitajuta? — Baba wa Watatu, Shella*

Wa alaykumu salaam, ndugu yetu. Tuanze chini ya boneti, maana hapo ndipo unapohofia hasara, na hapo hasara ni ndogo. XT, yaani Forester ya turbo, ya umbo la SJ, lililomalizika 2018, ina injini ya ukoo mmoja na yako: FA20DIT, lita 2.0, silinda nne za kulala, turbo moja, petroli ikipulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa magari ya soko la Japani, S4 inatoa farasi 300 na msukumo wa Nm 400. XT inatoa farasi 280 na Nm 350. Giaboksi nayo ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, ya ukoo ule ule ambao Subaru huuita Lineartronic. Fundi anayeijua S4 yako hatakuwa mgeni kwa XT, na kitufe cha SI-Drive, cha kuchagua ukali wa injini, utakikuta kwenye usukani kikiwa na I, S na S#. Kupita lori la chumvi baada ya Gongoni bado ni jambo la kukanyaga na kwenda.

Utakachokipoteza ni kona. Forester imeipita S4 kimo kwa zaidi ya sentimita 20, na uzito wake umekaa juu. Ukiingia kona ya Gede kwa mwendo uliouzoea, gari litalala upande, watoto watapiga kelele, na tairi za mbele zitaanza kuteleza mapema kuliko unavyotarajia. Halitapinduka kwa kosa dogo, lakini utalazimika kupunguza mwendo kabla ya kona badala ya ndani yake. Mwezi wa kwanza endesha kama mwanafunzi.

Unachokinunua kwa hasara hiyo ni nafasi ya chini ya tumbo. S4 ina milimita 135 kutoka ardhini. Forester ina 220. Hesabu yenyewe ni hii: watu wazima wawili, watoto watatu, mizigo ya wakwe na dumu la maji vinalishusha gari lolote sentimita kadhaa. S4 iliyopakiwa hivyo inabaki na sentimita 10 hivi, nayo matuta ya kujengwa na wanakijiji yana kimo hicho hicho au zaidi. Ndiyo maana unasikia mkwaruzo hata ukipita polepole: ni bomba la eksozi na ngao ya plastiki ya chini. Forester katika mzigo ule ule bado ina nafasi ya kutosha.

Tairi nazo zinasaidia. S4 nyingi zilitoka na 225/45R18, yaani ukuta wa mpira wa milimita 101. XT ina 225/55R18, ukuta wa milimita 124. Shimo lililokuwa likikupindia rimu ya S4, kwenye Forester mara nyingi litakupa mshtuko tu.

Kuhusu viti vya watoto, usikubali maneno ya dalali wala yetu. Beba viti vyako vyote vitatu uende navyo siku ya kukagua gari. Nanga za ISOFIX, vile vishikizo vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto, ziko kwenye viti viwili vya pembeni peke yake. Wa katikati atafungwa kwa mkanda wa gari, na kwenye SJ mkanda huo unashuka kutoka darini. Kwa hivyo kiti cha katikati kiwe chembamba, na kiwe cha yule mtoto mkubwa anayejifunga mwenyewe. Ukifunga viti viwili vipana pembeni kwanza, mkono hautaingia kwenye kifungo cha katikati. Anza na wa katikati. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kifunge kwenye safu ya nyuma, nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, halafu mke wako akae kwenye kiti hicho cha mbele aone kama magoti yanagusa dashibodi. Dakika ishirini za jaribio hili zina maana kuliko orodha yote ya vipimo.

Sasa lile gari lenyewe ulilooneshwa. Hapa ndipo mtu anaponunua starehe au anaponunua deni.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, ahirisha, urudi siku nyingine. Injini ya baridi ndiyo inayosema kweli. Washa ukisikiliza upande wa mbele: mlio wa cheni unaozidi sekunde mbili tatu ni ishara kwamba mafuta yamekuwa yakicheleweshwa kubadilishwa. (FA20 haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na cheni hiyo inaishi kwa mafuta masafi.) Mwangalizi mwingine asimame nyuma. Moshi wa buluu dakika ya kwanza, kisha tena unapokanyaga baada ya kuachia, ni mafuta yanayopita kwenye turbo au pistoni. Injini ikitetemeka ikiwa baridi na kutulia ikipata moto, mara nyingi ni masizi nyuma ya valvu za kuingiza hewa: kwa kuwa petroli haipiti hapo, hakuna kinachoziosha. Dawa yake ni kufungua manifoldi na kusafisha kwa mkono, kazi ya siku nzima. Gari likikaribia kilomita 100,000 bila kufanyiwa kazi hiyo, ihesabu kwenye bei.

Toa kijiti cha mafuta. Mafuta meusi si kosa. Yaliyo chini ya alama ni kosa, kwa sababu mwenye kuuza gari huku kijiti kimekauka ndivyo alivyoliendesha miaka yote. Injini hii inabeba takriban lita 5.1 za mafuta ya sinthetiki 5W-30. Kwa joto la pwani sisi tunashauri kubadilisha kila kilomita 5,000, chujio na mafuta pamoja, na kuchungulia kijiti kila unapojaza tangi mara ya pili.

Halafu unganisha mashine ya kusomea kompyuta. Usitosheke na kuambiwa "hakuna taa". Msimbo wa kosa unafutwa kwa sekunde tano kabla hujafika. Endesha kilomita 20 kwanza, pamoja na kukanyaga mara mbili kwa nguvu barabarani, kisha soma vitu viwili: hesabu ya silinda zilizokosa kuwaka, na thamani inayoitwa DAM. DAM ikiwa 1.00, kompyuta haijasikia injini ikigonga kwa kiasi cha kuitia wasiwasi. Ikiwa chini ya hapo, kuna petroli hafifu, masizi, au kuna mtu aliyechezea programu kuongeza presha ya turbo. Pengine ni vyote vitatu.

Giaboksi ndiyo inayoua bajeti. Kiwandani hawakuweka ratiba ya kubadilisha mafuta ya CVT kwa matumizi ya kawaida ya Japani, ndiyo sababu gari nyingi zinatufikia na mafuta yale yale ya kwanza. Matumizi ya Malindi si ya kawaida: joto, mzigo, matuta, kusimama na kuondoka. Panda kilima chochote kwa mwendo wa 20 hadi 40, mguu ukiwa mwepesi. Ukihisi gari linatikisika kama linapita juu ya vituta vidogo vilivyofuatana, klachi ya konveta inateleza. Taa ya AT OIL TEMP ikimetameta, usinunue. Kisha tafuta uwanja wa lami, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole. Gari likirukaruka kana kwamba breki ya mkono imeshika, ama klachi ya kugawa nguvu mbele na nyuma imekwama, ama tairi hazilingani. Angalia tairi kwanza, ni rahisi: Subaru inataka tofauti ya mzunguko wa tairi zote nne isizidi milimita 6 hivi. Tairi mbili mpya na mbili kuukuu zinaifanya giaboksi ifanye kazi barabara nzima, na ndivyo inavyokufa. Tairi za gari hili hununuliwa nne kwa pamoja.

Ukilinunua, jambo la kwanza ni kubadilisha mafuta ya CVT, hata kabla ya kulipaka nta. Yawe ya CVT ya msukumo mkubwa yaliyoandikiwa Lineartronic ya turbo. Ya CVT ya kawaida hayafai, na ATF, yale ya otomatiki za gia, ndiyo kabisa: ndani kuna mnyororo wa chuma unaobanwa na puli, na mafuta yasiyo yake yanauacha uteleze na kuzichuna puli. Mafuta huwa hayatoki yote kwa mara moja, kwa hivyo fanya mara mbili, katikati ukiendesha wiki moja. Kiwango kinapimwa gari likiwa sawasawa, injini ikinguruma, mafuta yakiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45 kwa kusoma kwenye mashine. Fundi anayepima kwa kukisia, mshukuru uondoke. Baada ya hapo, kila kilomita 40,000.

La mwisho ni kutu, na hili watu wa bara hawalijui kama sisi. Ingia chini na tochi. Tazama mabomba ya breki yanapopita juu ya tangi, fremu ndogo ya nyuma, ukingo wa ndani wa matao ya tairi, na mapezi ya kondensa ya AC. Ukiyagusa mapezi kwa kidole yakamegeka kama biskuti, AC haina muda. Forester iliyotoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, halafu ikakaa miaka mitano ukingoni mwa bahari hapa, imelishwa chumvi mara mbili. Dawa ya kila wiki ni kuosha chini ya gari kwa maji matamu. Tunasema maji matamu kwa makusudi: visima vingi vya Malindi ni vya chumvi, na anayeosha kwa maji ya kisima anapaka kutu kwa ndoo. Tumia ya bomba, yale ya Baricho.

Jambo dogo ambalo wakaguzi wengi hulipita. S4 yako ina tundu la hewa juu ya boneti, SJ haina. Hewa ya kupozea intakula, yaani kipoza-hewa cha turbo, inapita kwenye mfereji wa plastiki uliofichwa chini ya boneti, kutoka kwenye grili. Gari lililogongwa mbele na kutengenezwa kwa haraka mara nyingi hurudi bila mfereji huo, au ukiwa umepasuka. Gari litakwenda vizuri asubuhi na kuwa zito saa nane mchana. Fungua boneti uutazame.

Petroli: injini zote mbili zilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu. Umezoea, kwa hiyo endelea. Safari ya Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, na ukishavuka Mto Sabaki usitegemee kupata ya daraja hilo kila kituo. Jaza Malindi.

Jibu la swali lako, basi: hutajuta kwa nguvu, utajuta kidogo kwa kona, na kama giaboksi imepita majaribio hayo, chukua. Isipopita, hata kwa bei ya kuomba Mungu, acha.

*Kuna dalali Mombasa ameniambia niweke amana ya nusu aniagizie Forester XT ya 2017 kutoka Japani, itafika baada ya miezi miwili. Bei yake ni nzuri kuliko za hapa. Nimwamini? — Msomaji wa Mambrui*

Usimpe hata shilingi. Kenya inaruhusu kuingiza gari la mtumba lisilozidi miaka 8, na kwa 2026 hiyo maana yake ni gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baadaye. XT ya SJ ilikoma 2018. Kwa hivyo XT yoyote utakayoipata sasa ni ya kununuliwa hapa nchini, ikiwa na namba ya Kenya tayari. Ama dalali wako hajui kazi yake, ama anaijua mno.

Ukitaka ya kuagiza, za turbo tunazozipendekeza kwa familia ni mbili. Forester ya SK, umbo lililofuata SJ, ilipotoka haikuwa na turbo Japani. Ikaipata Oktoba 2020 katika toleo la Sport, injini ya CB18 ya lita 1.8, farasi 177 na Nm 300. Usidharau namba hiyo: msukumo unapatikana mapema, kimo cha chini ni kile kile cha milimita 220, na inakunywa petroli ya kawaida, jambo ambalo kwa mtu wa Mambrui ni neema. Lakini aliyetoka kwenye farasi 300 ataona tofauti kila anapopita basi. Ya pili ni Toyota Harrier ya lita 2.0 turbo, farasi 231 na Nm 350, yenye giaboksi ya otomatiki ya gia sita, wala si CVT. Ilianza 2017 na ikakoma 2020 Harrier mpya ilipokuja bila turbo, kwa hivyo dirisha la kuiagiza ni la 2019 na 2020 tu, na linafungwa. Inataka petroli ya oktani ya juu. Imekaa chini kuliko Forester. Kwa lami ya Mombasa ni tamu, kwa njia ya Marafa siyo.

Na ukiuliza kodi: forodha haikokotoi kwa bei uliyonunulia. Inatumia bei yake ya orodha kwa gari jipya la aina hiyo, ikapunguza kwa umri. Gari ulilolipata kwa bei ya kutupwa kwenye mnada litalipiwa kodi sawa na la jirani yako aliyelipa mara mbili. Pata hesabu ya wakala wa forodha kwa maandishi kabla ya kununua.

*Rimu zangu za S4 ni nzuri na tairi ni mpya. Nikinunua Forester XT naweza kuzihamishia? — Kijana wa Watamu*

Hapana. S4 ina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, Forester ya SJ ina tano kwenye duara la 100. Hata ukipata adapta, tairi ya 225/45R18 ni fupi kwa sentimita 4.5 kwa kipenyo, kwa hivyo gari litashuka sentimita mbili na robo na spidomita itadanganya. Ziuze pamoja na S4, zitaipandisha bei.

*Bajeti yangu haifiki XT ya 2016. Nimepata ya 2010, umbo la SH, turbo, otomatiki. Wenzangu wanasema hizo ndizo Forester za kweli, wengine wanasema zinakula injini. Nani mkweli? — Mwalimu, Ganda*

Wote, mwalimu. XT ya SH ya Japani ilikuja na EJ20 ya turbo, farasi 230, na otomatiki ya gia nne. Giaboksi hiyo ni ya zamani, ni ngumu, na inavumilia kuliko CVT yoyote. Gharama imehamia kwenye injini.

Kwanza, hii ina mkanda wa taimingi. Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo hamna injini. Ratiba ni kilomita 100,000, lakini mpira wa mwaka 2010 umekwisha kwa umri hata kama kilomita hazijafika. Kama muuzaji hana risiti ya kazi hiyo, hesabu kwamba haijafanywa. Ukibadilisha, badilisha seti nzima: mkanda, tenshona (kikaza mkanda), puli zote za kupitishia na ile yenye meno, pamoja na pampu ya maji. Wanaoua injini si wale wanaosahau mkanda peke yao. Ni wale wanaoweka mkanda mpya juu ya puli yenye beringi ya zamani. Beringi inakwama, mkanda mpya unaruka.

Pili, bolti ya mrija wa mafuta unaokwenda kwenye turbo ina chujio dogo la wavu ndani yake. Mafuta yakichelewa kubadilishwa, wavu unaziba, turbo inakosa mafuta, shafti inasagika, na vumbi la chuma linarudi ndani ya injini. Mtu anabadilisha turbo, baada ya miezi mitatu injini inagonga, analaumu turbo ya mtumba. Mwambie fundi aifungue bolti hiyo mbele yako. Ni kazi fupi, na hali ya wavu ule itakueleza maisha ya gari kuliko muuzaji.

Tatu, tazama gari kwa nyuma likiwa tupu. Baadhi ya SH, na SG zilizozitangulia, zilikuja na shoki za nyuma zinazojiinua zenyewe zikibebeshwa mzigo. Zikifa, mkia unalala. Wengi huweka shoki za kawaida na kuacha springi za awali. Mkia unabaki chini, kwa sababu springi za mfumo ule ni laini na zilikuwa zikitegemea shoki kubeba sehemu ya uzito. Ukibadilisha, weka shoki na springi za kawaida kwa pamoja, pande zote mbili.

Kama mkanda una risiti na wavu ni safi, nunua. Weka kando sehemu ya kumi ya bei kwa miezi sita ya mwanzo.

*Mimi si mtu wa mbio, ila mume wangu anauza BMW yake ya silinda sita na anataka tuchukue Mazda CX-5 ya dizeli, anasema ina nguvu na haili mafuta. Nitakuwa naiendesha mimi: kupeleka watoto shule, soko, nyumbani, basi. Hatutoki Watamu ila sikukuu. — Mama wa Pacha*

Dada, mume wako hajakosea kuhusu nguvu. Dizeli ile ya lita 2.2 ya kabla ya 2018 inatoa Nm 420, zaidi ya sedani nyingi za petroli, na CX-5 ina milimita 210 chini ya tumbo. Tatizo ni safari zako.

Kwenye eksozi kuna chujio la masizi. Likijaa, kompyuta inapuliza dizeli ya ziada ili masizi yaungue, na kazi hiyo inataka injini ya moto na mwendo usiokatizwa wa dakika 15 au 20. Wewe unazima gari baada ya kilomita tatu. Uchomaji unakatika katikati, na ile dizeli ya ziada inateremka kwenye mafuta ya injini. Kiwango cha mafuta kinapanda badala ya kushuka. Kijiti cha Mazda kina alama ya X juu ya ile ya "kamili", kwa ajili ya jambo hili hasa: mafuta yakiifikia X, yamechanganyika na dizeli, yamekuwa mepesi, hayalindi beringi. Watu wanafurahi kuona gari "haipunguzi mafuta" hadi turbo inapoanza kupiga miluzi.

Kama mume wako angekuwa analiendesha Mombasa kila siku, tungemwambia achukue. Kwa njia ya shule ya Watamu, chukueni CX-5 hiyo hiyo ya petroli, ya lita 2.5. Mkishikilia dizeli, basi mara moja kwa wiki mtu aitoe hadi Kilifi na kurudi bila kusimama njiani, mafuta ya injini yawe ya daraja la DL-1, yaliyotengenezewa dizeli zenye chujio la masizi, na kijiti kitazamwe kila Ijumaa.

*Yadi imekubali kuchukua S4 yangu, niongeze pesa, wanipe gari la juu. Naona ni rahisi. Kuna ubaya? — Wa Maweni*

Urahisi huo una bei. Yadi inakula pande mbili: inashusha bei ya lako na kupandisha ya lao, na wewe unaitazama tofauti tu. Waombe namba mbili kwa maandishi, wanalinunua lako kwa ngapi na wanauza lao kwa ngapi, kama vile hayahusiani. Kisha tangaza lako wiki mbili uone soko linasemaje. Sedani ya mbio ina wateja wachache lakini wanaojua wanachotaka. Rudisha programu ya kiwandani, rudisha eksozi ya awali, weka risiti za mafuta mezani. Mteja wa S4 akisikia eksozi ya kelele anafikiria jinsi lilivyoendeshwa.

Kabla ya kulipa tofauti yoyote, fanya upekuzi wa gari lao kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Ada yake ni ndogo. Jina litakalotoka liwe la yule anayekuuzia, au la kampuni iliyomwandikia ruhusa. Likitoka na jina la benki pembeni, kuna mkopo ambao haujamalizwa, na hapo mwenye deni ana haki kwenye gari kabla yako. Uhamisho wa yote mawili uanzishwe siku ile ile mkiwa mmekaa pamoja, na usiondoke hadi wao wamekubali la kwako kwenye akaunti yao. S4 inayozunguka mjini kwa jina lako ikiwa mikononi mwa mtu wa tatu, ajali yake itakutafuta wewe. Na bima ya gari jipya ianze kabla hujatoa ufunguo kwenye lango la yadi, maana ile ya S4 haihami yenyewe.